Handaki la Nne

Kiyoyozi alishuka kwenye basi akiwa na nia ya kukaa saa moja tu, anywe chai, kisha aendelee kuusahau mji aliotoka, ambako watu kadhaa walikuwa bado hawajamsahau yeye. Ndipo akawaona wageni wawili, mke na mume, wamepiga magoti kando ya barabara wakilipiga picha toroli bovu la mgodi. Toroli lenyewe halikuwa na magurudumu. Lilikuwa na kutu, na ndani yake kuku alikuwa ameatamia mayai. Wageni wakalipiga picha kwa mbele, wakalipiga kwa nyuma, kisha mume akampa mwenye kuku noti na kumshukuru.

Kiyoyozi akaahirisha safari. Mtu anayelipa kuangalia kutu, alijiambia, akisikia habari ya kitu kinachong'aa atauza shamba.

Kiyoyozi lilikuwa jina la kazi. Ukikaa naye dakika tano unapoa, ukishapoa unasinzia, na ukizinduka huna pochi, lakini bado unamkumbuka kwa wema. Siku hiyo alivaa koti, akachomeka kalamu tatu mfukoni, akapanda kilimani kutazama mali yake mpya.

Mgodi ulikuwa umefungwa miaka mingi. Nyumba za mabwana zilibaki juu na vibaraza vyake, za wasimamizi katikati, na za vibarua chini, kila nyumba kumi kwa bomba moja. Ubavuni mwa kilima kulikuwa na mahandaki manne yenye mageti ya chuma na kufuli. Mbele yake lilisimama jengo dogo la matofali ambalo wenyeji waliliita Chumba cha Taa, na mlangoni palibandikwa karatasi yenye muhuri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeingia saa tatu na dakika arobaini na moja," alijibu bibi aliyekuwa ndani, bila kuinua macho kutoka kwenye taa aliyokuwa akiifuta.

Huyo ndiye Bibi wa Taa. Kwa miaka thelathini na mmoja alimpa kila mchimbaji taa akiingia na kuipokea akitoka, akaandika saa na dakika. Mgodi ulifungwa, lakini ulimi wake haukufungwa nao. Hata alipofiwa na mumewe aliwaambia waombolezaji: zamu ya pili, saa kumi na dakika nne. Nyuma yake, ukuta mzima ulikuwa na vibati vya namba vimening'inia kwenye misumari, kila kibati mtu mmoja.

"Na hii karatasi mlangoni, Bibi?"

"Ya halmashauri. Jengo lisilo na kazi linabomolewa mwisho wa mwezi, kiwanja apewe Mwenye Hoteli, aegeshee magari ya wageni wake. Mimi nalala chumba cha nyuma. Nikitolewa hapa, mwanangu, sina pengine pa kwenda."

Hapa msimulizi angependa kusema kwamba Kiyoyozi aliguswa moyoni. Aliguswa, ila si moyoni.

"Bibi, jengo hili litapata kazi. Mimi ni mtaalamu wa urithi."

"Urithi wa nani?"

"Wa yeyote." Akavuta stuli, akaketi. "Sikiliza. Siku ya mwisho ya mgodi, mchimbaji mmoja aliingia chini na mfuko wa dhahabu, hakutoka tena. Hajulikani alipo. Wageni watakuja kuisikia hadithi hiyo, halmashauri itaona watu, karatasi itabanduliwa. Tumchague nani?" Akanyoosha mkono ukutani, akachomoa kibati kimoja, akakitia mfukoni. "Namba Sabini na Saba. Pengo hili ndilo ushahidi."

"Namba Sabini na Saba alikuwa mtu wa mabomba," alisema Bibi. "Alistaafu, akahamia kwa binti yake."

"Alikuwa. Sasa amepotea kishujaa. Na kanuni moja ya kazi hii, Bibi: mwongo anayejiheshimu hataji saa wala dakika. Saa zinashikika. Sema 'zamani', sema 'jioni moja'. Ukimsikia mtu ametaja dakika, jua anasema kweli, maskini, hajui kazi."

"Nimekuelewa," alisema Bibi. "Ahsante kwa kunifundisha."

Wageni wa kwanza walikuwa wanane. Kiyoyozi alisimama nyuma na kalamu zake tatu, akimsikiliza mwanafunzi wake akiharibu kila kitu.

"Aliingia saa kumi na mbili na dakika nane," Bibi alikuwa akisema. "Taa yake ilikuwa na ufa kwenye kioo, nikamwambia abadilishe, akakataa. Kiatu cha kushoto alikifunga kwa waya. Saa nane na dakika kumi na tisa nikamwona amepita hapo na mfuko, anachechemea."

Kiyoyozi alitaka kujificha. Lakini mgeni mmoja alikuwa anafuta machozi, na mwingine aliomba ruhusa ya kuugusa msumari. Siku ya pili wakaja ishirini. Wiki haijaisha, foleni ikafika kwenye toroli la kuku, na kuku akahama.

Mwenye Hoteli naye akaja. Alikuwa mtu ambaye tumbo lake lilifika mahali kabla yake, na hakupenda kitu chochote kiwe cha mtu mwingine. Alikuja mara ya kwanza kucheka. Mara ya pili hakucheka. Mara ya nne alikuja kwa miguu, gari ameliacha mbali, akamvuta Kiyoyozi pembeni.

"Ndugu mtaalamu, huo mfuko hakuna aliyeutafuta?"

"Serikali inaweza kuutafuta. Mimi siruhusiwi kusema."

"Kusema huruhusiwi. Kuuza?"

Kiyoyozi alikataa siku tatu, na kila siku Mwenye Hoteli alizidi kumpenda. Siku ya nne akamtolea ramani ya handaki la tatu. Alikuwa ameichora mwenyewe kwenye meza ya Bibi, akaichovya kwenye chai, akailalia chini ya godoro usiku mbili ili izeeke. Mwenye Hoteli akaipokea kwa mikono miwili. Kiyoyozi akapokea bunda la noti nene kama tofali, akampitishia ufunguo wa geti uliokuwa kwenye droo ya Bibi.

Kesho yake asubuhi, tikiti ya basi ikiwa karibu kukatwa, alipitia kwa Bibi kumuaga. Hata tapeli ana adabu zake.

"Safari njema," alisema Bibi. "Ila ramani yako ina kosa, mwanangu."

"Kosa gani? Si nimeichora mwenyewe?"

"Ndiyo, umeikosea. Umeweka handaki la tatu. Yule mtu aliingia la nne."

Kiyoyozi alicheka. Alicheka akishuka kilima, akacheka akipita kwa mwenye kuku, na kicheko kikaishia dirishani kwa mkata tikiti. Dakika kumi na tisa, aliwaza. Nani anabuni dakika kumi na tisa? Na ile waya kwenye kiatu? Na siku ile ya kwanza mbona aliwahi kukana, eti alistaafu, kahamia kwa binti yake? Anayekana mapema ana cha kuficha.

"Unasafiri au husafiri?" aliuliza mkata tikiti. Nyuma ya Kiyoyozi watu walianza kumsukuma.

Hakusafiri. Alipanda kilima mbio, kalamu zikimdondoka.

"Bibi, ufunguo wa handaki la nne uko wapi?"

"Hauuzwi."

"Sijasema nanunua."

"Basi vizuri, maana hauuzwi."

Mtu huyu aliyewahi kumuuzia diwani daraja alikaa kwenye stuli akabembeleza mpaka adhuhuri. Bibi alifuta taa sita. Kila alipokataa, mfuko wa dhahabu ulizidi uzito kichwani mwa Kiyoyozi, na mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini nani humkumbusha mwenye pupa?

"Mwenye Hoteli alitoa bunda zima kwa karatasi ya chai," Bibi alisema mwishowe, akiiweka chini taa ya sita. "Na mimi ningefikiria, kwa bunda. Lakini wewe, mwanangu, utalitoa wapi?"

Kiyoyozi akalitoa. Bibi akampa ufunguo, taa na sururu, akamwandika: saa sita na dakika mbili.

Handaki la nne lilikuwa limefukiwa kwa udongo hatua thelathini kutoka getini. Moyo wa Kiyoyozi ukaruka kwa furaha, kwa sababu udongo ulikuwa laini, na udongo laini ni dalili kwamba mtu alishawahi kuchimba hapo. Ulikuwa mweusi, wenye rutuba, na wenye harufu nzito ya zamani. Akavua koti, akachimba. Tangu azaliwe hakuwa amefanya kazi ngumu namna ile, na jambo la kusikitisha ni kwamba aliiweza.

Upande wa pili wa ukuta, katika handaki la tatu, Mwenye Hoteli naye alikuwa akichimba. Mmoja akigonga, mwingine anasimama kusikiliza. Mwenye Hoteli aliamini Serikali imeshafika, Kiyoyozi aliamini Namba Sabini na Saba anaomba msaada, na wote wawili wakaongeza kasi. Nje, wageni walitega masikio kwenye mageti wakisikia mgodi umefufuka. Bibi aliwapanga mistari miwili.

Siku ya tatu ukuta ukatoboka. Sura mbili zenye matope zikatazamana kwenye mwanga wa taa.

"Wewe?" alisema Mwenye Hoteli. "Wewe si ndiye uliyeniuzia?"

Kiyoyozi akaificha sururu nyuma ya mgongo. Lakini uso wa Mwenye Hoteli ulianza kung'aa.

"Kumbe ni kweli," alinong'ona. "Kama hakuna kitu, wewe ungechimba?"

Kiyoyozi akaitafakari hoja hiyo. Ilikuwa nzuri sana. Kama hakuna kitu, tajiri mzima kama huyu angechimba? Wakapeana mikono tunduni, kila mmoja akarudi kwenye udongo wake na imani iliyoongezeka.

Wakati huo huo afisa wa halmashauri alikuwa amefika kubandika karatasi ya pili. Akakuta watu mia na ushei, mabati mapya juu ya paa, viti virefu vipya chini ya kivuli chake, na bibi akieleza kazi ya taa kwa dakika na nukta. Akasubiri zamu yake kwenye foleni, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akabandua karatasi ya mlangoni, akaandika nyingine: Chumba cha Taa ni jumba la kumbukumbu, na mlinzi wake, Bibi wa Taa, atakaa humo maisha yake yote. Bibi aliisoma mara mbili. Akaketi kwenye kiti kipya na kulia kidogo kwa furaha, bila kuangalia saa.

Jioni Kiyoyozi akatoka handakini, mweusi hadi masikioni, wageni wakimpigia makofi. Aliyaona mabati. Aliviona viti. Akili yake, iliyokuwa likizo siku tatu, ikarudi kazini yote kwa pamoja. Kwenda polisi hakuweza, maana angeulizwa bunda lilitoka wapi. Akajiburuta hadi mlangoni, akaegemea.

"Bibi," alisema, "sikudai kitu. Niambie tu ukweli, nipate kulala. Handaki la nne lilikuwa na nini?"

"Choo, mwanangu," alisema Bibi wa Taa. "Cha wachimbaji wote, zamu tatu kwa siku, miaka thelathini na mmoja. Walikifukia siku ya mwisho, saa tisa na dakika tano."

Kiyoyozi akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Bibi akamsogezea ndoo ya maji na kipande cha sabuni.