Jini la Pwani Nyumbani kwa Habaryar

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamua! Redio ya hapa mjini inatafuta msomaji wa habari wa Kiswahili. Majaribio ni Jumatatu ijayo. Mshindani ninayemwogopa ni mmoja: Najib, jirani yetu, anayeongea Kiswahili kama mtu anayeswaga mbuzi, wakubwa kwa wadogo, wote kwa pamoja. Ngeli kwake hazipo.

Mimi ninazijua zote. Nilizikariri shuleni. Tatizo langu ni dogo: mdomo hutangulia. Kisomali kinasukuma kutoka nyuma, kosa linaponyoka, watu wanacheka.

Mpango basi. Kuanzia leo hakuna sentensi itakayotoka kinywani kabla haijakaguliwa ndani. Kwanza nomino. Kisha ngeli yake. Kisha kitenzi. Ndipo nifungue mdomo. Kiswahili tu, kwa kila mtu, hata nyumbani.

Nikishindwa, Abti Sugow, mjomba wangu, atanichukua na lori lake hadi Habaswein nikauze mitungi ya maji na dawa za mifugo dukani kwake. Amekwisha kuninunulia godoro.

Mchana nimelala nikiiona sauti yangu. Inatoka kwenye mlingoti, nyeupe kama moshi wa ubani. Inavuka mto Tana taratibu, haihitaji daraja. Inashuka Masalani, inaingia katika redio iliyotundikwa mtini, na wachungaji wananyamaza. Hata ngamia wanaacha kutafuna.

Jumanne, 4 Februari

Mwanzo mzuri. Nilitumwa maziwa ya ngamia. Nikasimama mbele ya mama anayeuza, nikaanza kutunga. Wengi hukosea upatanisho wa maziwa. Mimi sikutaka kuwa wengi. Nilipokuwa nakagua kitenzi, wanawake kadhaa walinipita na vibuyu vyao. Hatimaye nikafungua mdomo. Sentensi kamili! Ya kutiwa kwenye fremu!

Mama akaniambia kwa Kisomali kwamba maziwa yameisha.

Habaryar Saynab, mama yangu mdogo ninayeishi kwake, alitaka kujua nilikuwa wapi muda wote huo. Nikatazama dari nikitunga jibu. Alingoja. Akachoka. Akachukua kibuyu akaenda mwenyewe.

Jumatano, 5 Februari

Joto. Mwanga mweupe umejaa ua mzima. Korongo wamesimama juu ya mgunga kama wasimamizi wa mtihani. Kutwa nimewaza vitenzi. Vinapita kichwani polepole, kimoja nyuma ya kingine, kama ngamia waendao kisimani, kila kimoja na kengele yake. Sikujua lugha ina utulivu namna hii.

Nje ya kichwa changu hakuna utulivu. Habaryar alinisalimu alfajiri, nikaitikia karibu na adhuhuri. Anasema macho yangu hayapepesi na midomo inacheza bila sauti. Sagal, binti yake aliye kidato cha tatu, alimwambia asihofu, mimi si mgonjwa, ni mtihani wa KCSE tu umenirudia. Habaryar hakucheka. Amemwita sheikh.

Alhamisi, 6 Februari

Sheikh alikuja baada ya alasiri. Mzee mpole, ndevu za hina. Alinisomea Kurani kwa sauti nzuri mno, ya kutambaa kama maji kwenye mfereji. Nikasinzia. Nikaota studio.

Akanigusa bega, akaniuliza mimi ni nani na nimetoka wapi. Hilo ndilo swali la kwanza la majaribio yoyote! Nilikuwa nimelitungia jibu tangu Jumatatu. Nikalitoa nikiwa nimefumba macho:

"Mimi ni sauti iliyovuka mto. Nimetoka mbali, na masikio yote ya nchi hii yatanisikiliza."

Hakuna kosa hata moja. Habaryar aliangusha birika.

Sheikh alitabasamu. Alisema kijana Mahat hana kitu, apewe uji, alale. Habaryar amekataa katakata. Anasema amenilea, anakijua Kiswahili changu, na kile hakikuwa changu. Lile ni jini, tena la pwani.

Sarufi yangu haijawahi kusifiwa hivi! Nilianza kutunga sentensi ya kumweleza ukweli. Kisha nikaona hakuna haraka.

Jumamosi, 8 Februari

Mtaa wetu wote wa Waberi unajua. Watoto wanachungulia dirishani, wanakimbia, wanarudi. Mchana Habaryar alikuwa sokoni. Nani akaingia? Najib! Ana maziwa na halua. Nikajifunika shuka upesi. Alivua viatu, akakaa karibu na mlango, akasema kwa unyenyekevu ambao hajawahi kunionyesha mimi:

"Bwana Jini, mimi nataka ile kazi ya redio. Kiswahili yangu mbaya. Umesaidia Mahat, na mimi nisaidie."

Nilikusudia kunyamaza. Wallahi nilikusudia. Lakini makosa yale yaliniwasha mwili mzima. Nikamsahihisha kutoka chini ya shuka. Akarudia. Akakosea tena, kwa sauti kubwa, bila aibu yoyote. Akarudia. Jua lilitambaa kutoka ukutani hadi kizingitini, nasi bado tuko kwenye vivumishi. Nilimpa kila nilichonacho. Salamu za ufunguzi. Hata sentensi yangu ya kuwaaga wasikilizaji, niliyoitunza kwa miezi. Nani alishawahi kusikia jini likifundisha nusu?

Halua ilikuwa nzuri.

Sagal alikuwa uani akisikiliza. Jioni aliniuliza kama ninajua nimefanya nini. Baada ya muda nikamjibu kwamba mwalimu hamwogopi mwanafunzi wake.

"Walaal, ndugu yangu," akasema, "umejimaliza."

Jumatatu, 10 Februari

Majaribio. Habaryar alinisindikiza hadi langoni kuhakikisha jini halifanyi fujo.

Mkuu wa redio, mama wa miwani, aliniuliza jina langu. Swali jepesi, lakini njia za kulijibu ni nyingi. Naitwa? Jina langu ni? Ninajulikana kama? Kila moja ina uzuri wake. Nikazipima. Kipaza sauti kilivikwa sponji jeusi, laini kama pua ya mwanakondoo. Nje ya dirisha wingu dogo lilikuwa limepotea peke yake. Nikaiona Masalani. Nikawaona wachungaji wakisubiri.

Mama akasema asante, anayefuata aingie.

Anayefuata alikuwa Najib. Alikuwa anaongea kabla hajakaa.

Sentensi yangu ilikamilika nilipofika ngazini. Ilikuwa nzuri sana.

Jumatano, 12 Februari

Naandika ndani ya lori. Abti Sugow ameketi kati yangu na dereva. Godoro liko juu ya mizigo. Mji umekwisha, kumebaki vichaka na vumbi linaloelea kama usingizi. Redio bado inashika. Taarifa ya habari. Najib! Anasoma kama anayefukuzwa, lakini kila neno liko mahali pake. Akawaaga wasikilizaji kwa sentensi yangu. Dereva akasema huyu kijana anakijua Kiswahili.

Nimeridhika. Sauti ni yake, sarufi ni yangu. Kwa hiyo, ukitazama vizuri, aliyeajiriwa ni mimi.

Kosa langu sasa liko wazi: nilikuwa na haraka mno. Wiki moja haitoshi kukagua lugha nzima. Habaswein nitapata nafasi. Abti anasema baadhi ya wafugaji wanaokuja dukani huongea Kiborana, itabidi nijifunze. Mpango ninao tayari. Hakuna neno la Kiborana litakalotoka kinywani mwangu kabla sijalikagua ndani.

Abti anasema wateja wa huko hawapendi kungoja.

Watazoea.