Familia kwa Vipimo vya Ghala

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu anafika Jumamosi kwa meli. Yeye, kijana wetu, binti yetu, mbwa na paka. Binti aligoma kupanda bila wanyama. Mama yake anasema kichwa kigumu kakitoa kwangu. Sijabisha, simu ilikuwa inaisha chaji.

Miaka minne hatujaonana. Mimi hupakia mizigo ghalani, huku ugenini. Yeye anajua mimi ni msimamizi, tena mwenye gari. Nilimwambia hivyo mwaka wa kwanza, siku moja mgongo uliponiuma mno na nikahitaji kusikia habari njema, hata kama ni kutoka kinywani mwangu mwenyewe.

Leo kanionya. "Baba watoto, nikikuta uongo mmoja, mmoja tu, meli inageuza saa kumi na moja jioni na mimi nageuka nayo. Na watoto." Nikamjibu aje kwa amani.

Sasa natafuta gari.

Jumanne, 4 Machi

Msomi kajitolea kunichukulia familia. Msomi ni dereva wa gari la mizigo pale kazini. Alimaliza sekondari miaka mingi iliyopita na bado anaimaliza kila siku mbele yetu. Nimekataa. Msaada wa Msomi huja na hotuba, na hotuba yenyewe ingemfikia mke wangu kabla ya salamu.

Nimekwenda kwa wakodisha magari. Dada wa mezani aliigeuza leseni yangu ya nyumbani mara tatu, kama mtu anayekagua nyama ya jana. Akauliza abiria. Nikasema mke na watoto wawili. Wakubwa? Nikamwonyesha kwa mkono: mmoja ananifika pajani, mwingine kiunoni. Akaniandikia gari dogo kuliko yote uani, pamoja na viti viwili vya watoto.

Wanyama marufuku, akasema. Hata unyoya mmoja. Nikamjibu kwamba katika ukoo wetu hatujawahi kufuga hata kuku.

Alhamisi, 6 Machi

Pale ghalani hatupakii kwa kubahatisha. Kwanza tunachora sakafuni kwa chaki ukubwa wa gari, tunapanga maboksi ndani ya mchoro, yakienea ndipo tunapakia. Kinachoshuka mwisho kinaingia kwanza. Msomi hakufundishwa hayo sekondari.

Saa ya chakula nikachora gari langu. Mke: boksi la mashine ya kufulia. (Mungu amwepushe na daftari hili.) Kijana: boksi la feni. Binti: boksi la birika. Mbwa: ndoo, maana nilimwacha akilala ndani ya ndoo na nafasi inabaki. Paka: kopo la rangi.

Vyote vimeenea! Na pembeni ikabaki nafasi ya sanduku.

Msomi akapita, akasimama, akasoma mchoro mpaka mwisho. Akauliza watoto wangu wana miaka mingapi siku hizi. Nikamwambia elimu isimlevye. Wivu ni ugonjwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechukua gari. Usukani uko upande wa abiria, au labda mimi ndiye niko upande wa abiria. Kila nikitaka kuonyesha nakata kona, vifuta mvua vinaanza kazi. Jua kali. Watu wawili barabarani wakanipungia mkono, wakidhani nawasalimu. Nikawaitikia.

Milango yote miwili ina jina la kampuni na namba ya simu kwa maandishi mekundu. Nimeyafunika kwa ile gundi pana ya kahawia tunayofungia maboksi. Ukiliona kwa mbali ni kama gari lililotoka hospitali. Lakini mgonjwa naye ni mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika bandarini saa nne, nimevaa shati la msimamizi. Yaani shati lenye kola.

Meli ikashusha watu. Nikawa naangalia chini, usawa wa kiuno, nikitafuta watoto. Kijana mmoja mrefu akasimama mbele yangu. Nikamwomba apishe. Akaniambia, "Shikamoo, baba."

Ananifika begani. Sauti yake imeanza kukwaruza. Nikasema marahaba.

Binti akachungulia ndani ya gari, akaona vile viti, akauliza ni vya nani. Nikamwambia ni vyake na kaka yake. Akavitazama, akanitazama. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba labda paka atapenda.

Kisha wakamshusha mbwa. Wanaume wawili. Yule mbwa wa ndoo sasa ni ndama mwenye meno. Nikafungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa na mabega, gari likajaa. Tukamtoa. Tukaingiza watoto, mbwa akabaki. Tukaingiza mbwa, mke akabaki. Nikapanga na kupangua mara sita, mimi, mpakiaji wa miaka minne. Kijana akaegemea mlango akisubiri, akaanza kubandua gundi kwa kucha.

"Baba, mbona gari lako lina namba ya simu?"

Mke wangu akaja, akasoma. Akakaa juu ya sanduku. Saa tisa na nusu, meli bado imefungwa pale pale.

Akauliza gari ni la nani. La kukodi. Usimamizi? Napakia mizigo. Nyumba? Vyumba viwili, bomba linavuja. Nilijibu nikiangalia kamba za meli. Sijawahi kusema kweli tatu mfululizo. Inachosha kuliko saruji.

Kisha akasema alijua tangu mwaka wa kwanza. Msimamizi gani huyo anakoroma simu ikiwa sikioni, saa moja ya jioni? Alikuwa anangoja tu niseme mwenyewe. Kuhusu meli, akasema ameshambeba yule mbwa mara moja, na mara ya pili aje mtu mwingine ambebe.

Hapo likaingia gari la mizigo. Msomi. Alirudi kuupima mchoro wangu, maana sikuufuta, akaona mtoto nisiyemwona miaka minne nimemhesabu sawa na feni. Akamsalimu mke wangu, "Shikamoo, shemeji," akapakia watu, mbwa na masanduku kwa dakika kumi. Wakaondoka wakicheka. Nadhani hotuba ilianzia getini.

Mimi nikawafuata na gari langu, na paka. Paka kakaa kwenye kiti cha mtoto. Kimemwenea sawasawa. Katapika kwenye kona ya kwanza.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudisha gari. Dada akapitisha kidole kwenye kiti, akakiinua: manyoya. Nikamwambia ni ya kwangu. Akatazama kipara changu, akafungua daftari jeusi la watu wasiopewa gari tena. Jina langu kaliandika vizuri sana.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi tulivu. Watoto wamelala mlalo na mkato, chumba kimejaa miguu. Mke kanipikia chai, kanitaka niahidi mbele yake: uongo basi. Nikaahidi. Nikahisi mwili mwepesi, mtu mpya kabisa.

Akaridhika. Akauliza, hivi mwenye nyumba anajua kuhusu mbwa na paka?

Nikasema ndiyo, tena alifurahi.

Mwenye nyumba anakuja Alhamisi kutengeneza bomba. Mbwa ana siku tatu za kujifunza kutobweka. Nimeanza naye mchana huu, uani, kwa upole. Ana akili. Amening'ata mara moja tu, na hakubweka.