Unga wa Njano na Mtaalamu Wake

Jumatatu, 4 Machi 1974

Nimepona jembe! Mungu mkubwa. Mgongo wangu umefurahi kuliko mimi mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Asubuhi lori la serikali lilipanda mlima kutoka Masasi, likatushushia magunia ya unga wa msaada. Mwaka huu mvua imetugomea, mihogo imekonda, watoto wanalala na uji mwepesi kama maji ya kunawa. Tulilikimbilia lori kwa vigelegele. Mwenyekiti Abdulkadiri akafungua gunia la kwanza. Unga wa njano! Njano kama ua la boga. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile.

Jirani yangu Stefano alisema huo ni mtego wa Mreno. Ameshindwa kutumaliza kwa ndege zake kutoka Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, sasa anatumia ugali. Akina mama wakavuta watoto wao nyuma. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu anayekijua chakula hiki. Nikanyoosha mkono. Yaani mkono ulinyooka wenyewe.

Nikasema nimekaa misheni miaka mingi, jikoni kwa mapadri, na hakuna chakula cha kigeni nisichokijua. Kukaa nilikaa kweli. Nilikuwa naosha sufuria. Lakini sufuria chafu nayo inaeleza mengi.

Mwenyekiti akatamka mbele ya wote: Justin ndiye mtaalamu wa chakula cha msaada, na kwa ajili ya kazi hiyo amesamehewa shamba la ujamaa mpaka mavuno. Mpaka mavuno! Kesho wenzangu watapalilia, mimi nitakaa kivulini nikitafakari unga.

Aliyekosa kupiga makofi ni Bimdogo peke yake, shangazi wa mke wangu. Nilimwamkia shikamoo. Akanitazama kwanza kuanzia ndala mpaka kofia, ndipo marahaba ikatoka.

Jumanne, 5 Machi

Nimeonja unga kwa siri. Kidole kimoja tu. Una utamu kidogo. Ni mahindi! Mahindi tu ya rangi nyingine. Tukisonga ugali leo, watu watashiba leo.

Balaa gani hii.

Maana Bimdogo naye ameonja, hadharani, na anasema tusonge tule. Sasa kama kazi ni kusonga ugali, mtaalamu wa nini? Ugali hata Stefano anasonga. Jioni mwenyekiti angenirudishia jembe langu, tena kwa asante.

Nilifikiri mpaka kichwa kikaniuma. Kisha likanijia: ndiga! Kila mtu huku anakijua kile kiazi cha porini tunachokichimba njaa ikibana. Ndani ni njano. Ukikila hivi hivi kinakulevya, unatapika, na ukizidisha unazikwa. Lakini ukikimenya, ukakiloweka na kubadilisha maji kila asubuhi, sumu inatoka na unakula salama. Ndiga ni njano. Unga ni njano. Nani atabisha?

Hakubisha mtu! Nilisema mkutanoni kwamba mapadri walikuwa wakiuloweka unga huu kabla ya kuugusa. Stefano alisema haya sasa ndiyo maneno. Bimdogo alisema tangu azaliwe hajasikia unga ukilowekwa kama ndiga. Wakamwambia yeye hakukaa misheni. Magunia yote yakamiminwa kwenye mapipa na mitungi.

Akina mama walioteremka bondeni kuchota maji ya kulowekea walinipita bila salamu. Imakulata, mke wangu, ameniuliza kama mtaalamu ana mikono. Nimemjibu kwamba mtaalamu ana kichwa. Nalala bila kupakuliwa chakula, lakini nalala bila jembe.

Alhamisi, 7 Machi

Unga unatoa povu.

Sikulitegemea hilo. Ukiinamia pipa unausikia unapumua. Harufu ya uchachu imefika mpaka kwa mwenyekiti, naye akaja mbio kuuliza kulikoni. Nikamwambia povu ndiyo sumu yenyewe, inatoka. Akashangilia! Akawaita watu waje kuitazama sumu inavyotoka. Nilishusha pumzi ndefu.

Haikudumu. Mchana alifika tarishi wa baiskeli kutoka Masasi na barua. Jumamosi anakuja ofisa, Bwana Gabriel, mtu wa Kilimanjaro, kuangalia jinsi wananchi wanavyokula unga. Kijiji kitakachokutwa kimeuharibu kitanyimwa msaada, na mhusika ataisaidia polisi. Mwenyekiti alipolisoma neno "mhusika" alinitazama kwa upendo. Hajui.

Jioni nilipita kwa Stefano. Watoto wake walikuwa wanakula kisamvu kitupu, bila hata ugali wa kushikia. Mdogo akaniuliza, shikamoo mtaalamu, sumu imeisha? Imeniuma. Nasema kweli, imeniuma kuliko jembe. Unga ule ungekuwa tumboni mwake tangu juzi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata mpango. Kutoroka!

Nilimwambia Imakulata nakwenda Newala kutafuta dawa ya kukata povu. Nia yangu ilikuwa kujificha kwa kaka yake mpaka Bwana Gabriel apite. Nikachukua baiskeli, nikashika njia ya bondeni ili nisionekane na watu wa shambani.

Nikakutana na akina mama wote wa kijiji na ndoo zao.

Wakaitazama baiskeli. Kisha mmoja akanitazama, akasema jamani, Baba Claudia amekuja kutusaidia! Vikapigwa vigelegele. Kabla sijajieleza, ndoo zilikuwa zimeshafungwa nyuma, na nyingine zikaning'inizwa kwenye usukani. Nimesukuma baiskeli ile mlima mzima. Nikarudi tena. Nikarudi tena! Shamba la ujamaa lilikuwa mapumziko.

Lakini jioni Imakulata amenipakulia, na amenipa maji ya moto ya kuoga. Nimefarijika kidogo, ijapokuwa kesho ndiyo siku yangu ya mwisho.

Jumamosi, 9 Machi

Niliamka na homa. Homa ya kujitengenezea, lakini nilitetemeka vizuri sana. Nikajifunika blanketi gubigubi. Nikasikia gari la Bwana Gabriel. Nikasikia watu wanaongea. Kisha Claudia, binti yangu, akaja kusema ofisa anamtaka mtaalamu. Nikamwambia mtaalamu yuko mahututi. Imakulata akaja kulivuta blanketi mwenyewe.

Nilikwenda uwanjani kama mtu anayefuata jeneza lake.

Nikakuta masufuria motoni. Watoto wamepanga foleni na bakuli zao. Kumbe alfajiri Bimdogo alimwaga maji ya juu, akaukoroga unga uliochachuka, akauchemsha uji, akatia karanga za kutwanga na chumvi. Hakumwomba mtu ruhusa. Na Bwana Gabriel, ofisa mzima, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anafuta bakuli kwa kidole!

Alisema kwao uji huchachushwa hivi hivi, na tangu aletwe kusini hajaonja uji uliomkumbusha mama yake mpaka leo. Vijiji vingine amekuta watu wanaukimbia unga. Hapa wanaugombania. Akauliza nani amewafundisha.

Nilimtazama Bimdogo. Bimdogo akanitazama. Akasema, kuuchachusha aliuchachusha mkwe wetu huyu, ila mwenyewe hakujua anafanya nini. Watu wakacheka. Ofisa naye akacheka, akanishika mkono, akadhani ni utani.

Nikapewa bakuli. Nilionja. Uchachu kidogo, karanga zinafuata, joto linashuka mpaka tumboni. Sijawahi kunywa uji kama ule. Mtoto mdogo wa Stefano alikuwa kando yangu, ameshiba, uji umekauka mashavuni. Machozi yakanitoka. Nikasema ni moshi. Stefano alikuja wa mwisho, akanusa, akaonja, akaomba na fungu la Mreno.

Ee Mungu, asante. Asante kwa Bimdogo pia. Sitajitia tena kujua nisichokijua. Nimeapa mbele ya Imakulata, naye ameniambia niandike. Nimeandika.

Jumapili, 10 Machi

Mwenyekiti amenishukuru sana. Kisha akasema, kwa kuwa uji sasa Bimdogo anaujua, kazi ya mtaalamu imekwisha. Kesho nirudi shambani. Jembe langu ameniletea mwenyewe, tena amelinoa.

Lakini Bwana Gabriel alituachia zawadi: makopo ya nyama. Makopo magumu, hayana mfuniko wala mdomo. Kijiji kizima kimeyageuzageuza. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu anayejua yanavyoliwa.

Nikanyoosha mkono.

Bimdogo anasema tuyatoboe kwa ncha ya kisu. Mambo ya kishamba hayo! Kitu chenye ganda gumu sisi huku tunajua dawa yake tangu utoto. Korosho unaitupa motoni na ganda lake, ikishaiva unaibangua. Kopo ni hivyo hivyo. Nimewaeleza, na Stefano amesema haya sasa ndiyo maneno. Jembe limerudi stoo. Nimepona!

Naandika haya nikiwa kando ya moto. Makopo yote yamo ndani, yameanza kuvimba vizuri, dalili kwamba nyama inaiva. Bimdogo amewachukua watoto wote na kukaa nao nyuma ya ukuta wa shule. Wivu tu. Mimi nimemwekea mwenyekiti kiti cha mbele, aone vizuri.