Majina Tisini na Manne

Jumatatu ya pili ya mwezi Septemba, saa tatu asubuhi, studio moja ya mji wa Burbank iliutangazia ulimwengu wa televisheni kuanzishwa kwa Kurugenzi ya Hadhi za Watayarishaji. Tangazo lilikuwa na kurasa kumi na moja na lilisomwa lote, pamoja na tanbihi. Kwa ufupi lilisema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyeichangia tamthilia yoyote ya studio atakayekosa cheo cha mtayarishaji, kwa kuwa nyongeza za mishahara zimesitishwa na binadamu hawezi kuishi bila kupewa kitu.

Vyeo vilitajwa kwa utulivu: mtayarishaji, mtayarishaji mwenza, mtayarishaji msimamizi, mtayarishaji mshauri, mtayarishaji mtendaji, na kwa wale ambao wangenuna, mtayarishaji mtendaji mwenza mshauri. Mkurugenzi wa kurugenzi hiyo alikuwa Bwana Bradford Tillinghast, mtu mwenye meno mazuri, ambaye katika miaka ishirini ya utumishi hakuwahi kusema jambo ambalo baadaye angeweza kuulizwa. Alijipa vyeo viwili, ili kimoja kikiugua kingine kiendelee na kazi.

Marlene Oquendo alilisikiliza tangazo akiwa amesimama karibu na mlango. Viti vilikuwa vya watayarishaji. Yeye alikuwa mwandishi wa daraja la chini kabisa katika *Bandari ya Kittredge*, tamthilia inayomhusu sherifu, polisi mkuu wa mji wa wavuvi kule jimbo la Maine. Kwa misimu sita iliandikwa na watu saba ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga Maine. Waliiandikia Burbank, katika chumba kisicho na dirisha, ambamo saa nzima ya kila asubuhi ilitengwa kuamua chakula cha mchana kiagizwe wapi, na iliyobaki ilitumika kujuta.

Hadithi zilibuniwa na chumba kizima, lakini jina la mwandishi wa kila sehemu lilipangwa kwa zamu. Zamu ya Marlene ilikuwa imefika mara nne katika miaka minne. Mara ya kwanza alipewa mtalaka wa mwandishi mkuu, kama sehemu ya masikilizano. Mara ya pili alipewa mwigizaji aliyetishia kuondoka, mara ya tatu akapewa tena kwa sababu hakuondoka, na ya nne ikapotea tu, kama zinavyopotea funguo. Mkataba wake ulikuwa unaisha na msimu huu, wa tano kwake. Wakala wake alimwambia wazi kwamba mwandishi ambaye jina lake halijawahi kuonekana popote kwa miaka mitano hahesabiwi mwandishi, anahesabiwa mlaji wa chakula cha mchana. Huko Fresno baba yake, Mzee Eusebio, tarishi mstaafu, alikaa mbele ya televisheni kila Jumapili mpaka jina la mwisho lipite, kisha akampigia simu.

"Sijakuona, binti yangu."

"Wiki ijayo, Baba."

"Sawa. Lakini una uhakika unafanya kazi huko?"

Kurugenzi ilimnyima cheo kwa kufuata taratibu. Kifungu cha tano kilisema mchango wa mtu huthibitishwa na jina lake kuwa limekwisha kuonekana kwenye skrini. Lake halikuwa limeonekana, basi hakuwa amechangia. Alipouliza atachangia vipi ili lionekane, alijibiwa kwamba swali ni zuri na litaundiwa kamati.

Wengine hawakuwa na tatizo hilo. Meneja wa mwigizaji mkuu alipata cheo, na kaka wa meneja, na bwana mmoja aliyewakutanisha hao wawili kwenye mchezo wa tenisi mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka. Ilipofika Novemba watayarishaji wa *Bandari ya Kittredge* walikuwa tisini na wanne. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi Burbank.

Hapo ndipo Bwana Tillinghast alipotoa waraka wa majina. Kila jina litakaa kwenye skrini sekunde tatu, peke yake, mwanzoni mwa kila sehemu. Kwa kuwa meneja alilalamika kwamba herufi nyeupe zinapotea kwenye theluji ya Maine, kila jina litawekewa kibao cheusi kinachofunika nusu ya kulia ya skrini. Na muda wote majina yanapopita, mwigizaji yeyote haruhusiwi kusema. Aidha, hakuna kiongozi atakayeonyeshwa picha yoyote ambayo jina lake halijabandikwa, kwa sababu za kiafya.

Gil Saperstein, mwandishi mkuu wa tamthilia, mtu mwema aliyeogopa kila kitu kilichokuja kwa barua, alimwita Marlene ofisini.

"Marlene, dada yangu, nina kazi ya heshima."

"Ukianza na dada yangu, najua ni mzigo."

"Dakika nne na sekunde arobaini na mbili. Sherifu anatembea. Hasemi kitu."

"Kwa nini hasemi?"

"Mkurugenzi anasema akisema watu watamsikiliza. Wakimsikiliza hawatasoma majina."

"Na wenzangu wamekataa?"

"Wenzako ni watayarishaji siku hizi. Wana haya."

Marlene alivuta kiti akakaa bila kuambiwa. "Basi sehemu ya tisa nzima iwe yangu. Nitaandika huo utembezi na mengine yote, na jina la mwandishi liwe langu peke yake."

"Unanibana, Marlene."

"Nimebanwa mimi, Gil. Baba yangu anadhani nauza simu."

Gil aliitazama saladi yake kama inayoweza kumshauri. "Haya," akasema. "Kwanza nani mwingine ataitaka?"

Marlene aliandika kurasa tano. Sherifu anatoka nyumbani asubuhi akiwa amebeba koti la mvuvi aliyekufa maji, kwenda kumkabidhi mjane. Anaifikia nyumba, anainua mkono agonge, anashindwa, anapita. Anazunguka, anarudi, anapita tena. Upande wa kulia, dirishani, mjane amesimama tangu mwanzo. Amekwisha kuliona koti. Anamngoja apate ujasiri.

Maelekezo ya wakubwa yalianza kumiminika jioni hiyohiyo. Ni desturi ya kazi hii kwamba kila mkubwa atoe maelekezo kwa maandishi, kwa sababu mkubwa asiyetoa maelekezo anaweza kudhaniwa hayupo. Mmoja aliomba sherifu atembee kwa namna ya kupendeka zaidi. Mwingine aliuliza kama koti linaweza kuwa mbwa. Wote tisini na wanne, kila mmoja kwa mwandiko na kwa sababu zake, walitaka tukio liondolewe, isipokuwa zile sekunde tatu zenye jina lake. Bwana Tillinghast alikuja mwenyewe.

"Huyu mjane aondoke, mama," alisema. "Utafiti wetu umeonyesha watazamaji hawapendi wanawake wanaosimama."

"Akikaa je?"

"Wanaokaa hatujawatafiti. Sitaki kumwona kabisa."

"Hutamwona, Mkurugenzi."

"Niahidi."

"Nakuahidi. Upande wa kulia kutakuwa na jina lako tu."

Bwana Tillinghast alisaini kila ukurasa bila kusoma zaidi. Mwongozaji alipiga picha kama zilivyoandikwa, mjane akiwa dirishani, na vibao vyeusi vikaja vikamfunika vyote tisini na vinne, kimoja baada ya kingine, kama ilivyoamriwa.

Sehemu ya tisa ilirushwa Jumapili. Upande wa kushoto sherifu alitembea na koti lake. Upande wa kulia wakubwa walipita. Kila alipoifikia nyumba aligeuza macho kulia, akavitazama vile vibao, machozi yakamlengalenga. Nchi nzima ilinyamaza. Watu walikuwa wamevumilia misimu sita ya maneno yaliyosahihishwa na wakubwa, na hawakujua kiu yao ilikuwa ya kimya. Wahakiki waliandika kwamba haijapata kutokea mwanadamu akawatazama watayarishaji kwa huruma ya namna ile. Mmoja aliita tukio hilo tafakari kuhusu vifo vya wote. Dakika thelathini na saba zilizobaki, zenye mwizi wa injini za boti, hakuna aliyezikumbuka.

Mwishoni, mahali pa jina la Marlene, kwa mujibu wa kifungu cha tano, paliandikwa: *Mwandishi: atatangazwa.*

Simu kutoka Fresno ilichelewa kidogo. "Nimelia, binti yangu," alisema Mzee Eusebio. "Lakini huyo Atatangazwa ni nani?"

Marlene alimwambia atampigia baadaye, akafunga mlango wa bafu akalia kwa hasira. Miaka minne alikuwa amemeza, na safari hii jambo lenyewe lilikataa kushuka.

Asubuhi yake tamthilia ilipendekezwa kwa tuzo kubwa ya uandishi. Kufika saa nne, watayarishaji wote tisini na wanne walikuwa wamedai kuwa ndio waandishi.

"Tusiwe wachoyo, mama," Bwana Tillinghast alimweleza. "Ulichoandika wewe ni mtu anatembea. Kilichowaliza watu ni kimya. Kimya kimeletwa na nani? Kimeletwa na majina. Bila jina langu sherifu angesema, na angesema angeharibu."

"Kwa hiyo mimi niliandika nini?"

"Wewe uliandika nafasi, na nafasi tunaithamini. Kwa msimu ujao tunakutafutia cheo cha mtayarishaji mshauri mtarajiwa."

"Msimu ujao sina mkataba."

"Ndiyo maana nikasema mtarajiwa."

Marlene hakukipokea hicho kilemba cha ukoka. Alishuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwenye chama cha waandishi na kufungua shauri. Chama kina utaratibu wake wa zamani, usiojali vyeo. Wasomaji watatu wasiotajwa hupewa kila karatasi iliyoandikwa kuhusu kazi inayogombaniwa, majina yote yakiwa yamefutwa. Kila mdai huitwa kwa herufi au namba. Asiye na karatasi hana dai.

Burbank yote ilikimbia kutafuta karatasi, na kitu pekee ambacho watayarishaji walikuwa wamewahi kuandika ni maelekezo. Wakayawasilisha wote, yakiwa yamefungwa vizuri, na Bwana Tillinghast aliweka yake kwenye jalada la ngozi.

Wasomaji walichukua siku sita. Uamuzi wao ulikuwa mfupi. Ulisema kwamba Mdai Namba Moja ameandika tukio. Ulisema kwamba wadai wengine, kuanzia Namba Mbili hadi Namba Tisini na Tano, wamethibitisha kwa mikono yao wenyewe, bila kulazimishwa, kwamba walifanya kila waliloweza tukio hilo lisiwepo. Kwa masikitiko, chama hakina cheo cha kazi hiyo.

Nakala ilimfikia mwenye studio, Bibi Winifred Halloran, ajuza wa miaka themanini na sita aliyerithi studio na hasira za mumewe. Aliisoma akiwa amesimama.

"Nataka majina ya watu wote waliotaka kuiua tamthilia yangu," alisema.

Katibu wake alisita. "Yako kwenye skrini, mama. Mwanzoni. Yamepangwa kwa alfabeti, na kila moja lina kibao."

"Sehemu hiyo irudiwe Jumapili, niyasome."

Habari hii ilishuka ghorofa sita kabla lifti haijafika chini. Kurugenzi ya Hadhi za Watayarishaji iliitisha kikao cha dharura, cha kwanza katika historia yake kuisha kabla ya chakula cha mchana. Kufika saa nane, watayarishaji tisini na wanne walikuwa wameomba kwa maandishi majina yao yaondolewe haraka iwezekanavyo, na kila mmoja alieleza kuwa kwa tabia yake hapendi kujionyesha. Yule bwana wa tenisi alikana kuwahi kucheza tenisi. Vibao vyote viling'olewa Ijumaa, na jina la mwandishi likahamishiwa mwanzoni.

Jumapili Marlene aliendesha gari hadi Fresno. Mzee Eusebio alikuwa amewasha televisheni saa moja kabla, asije akapitwa. Theluji ikatokea. Jina moja tu lilipita, kwa herufi nyeupe ndogo, sekunde tatu: *Marlene Oquendo*. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, jina likiwa limekwisha kwenda.

"Nimeliona," alisema, kama aliyebishiwa. Akamshika mkono na hakumwachia.

Kisha skrini nzima ikawa wazi. Sherifu alitembea na koti, akafika nyumbani kwa marehemu, akageuza macho kulia. Na kulia, dirishani, akamwona mjane, na mjane akamwona yeye.

Simu ya Marlene ikalia. Alikuwa Bwana Tillinghast, akihema.

"Mama, kuna mwanamke dirishani."

"Ndiyo, Bwana Tillinghast."

"Ametoka wapi? Nani kamweka hapo?"

"Yupo tangu mwanzo," Marlene alisema. "Nyinyi ndio mlikuwa mmesimama mbele yake."