Kitufe cha Baba

Wadau, leo nimeumbuliwa na mamangu mzazi, mbele ya mwalimu wa chuo, nikiwa nimevaa rinda la kanisa. (Rinda nililishona mwenyewe. Angalau hilo halikuniangusha.)

Mpango wangu mnaujua. Digrii ya muziki, polepole, kwa simu. Nanunua somo moja moja, nasikiliza nikishona sare za shule hapa Matinyani. Wateja wakikauka napumzika, wakirudi naendelea. Hakuna wa kunikimbiza. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa kuingilia, wa kupiga kinanda. Ukipita unaingia digrii moja kwa moja. Ukianguka unaanzia cheti, huko chini kabisa, na kwa huu mwendo wangu hiyo ni miaka. Mama naye amezeeka. Tangu tumzike baba anaongea kitu kimoja tu, kuniona na joho.

Baba ndiye alinifundisha. Alikuwa mwalimu wa kwaya hapa kanisani, na kibodi ni yake. Alinifundisha kupiga kii ya C, ile ya vibonyezo vyeupe tupu, bila vyeusi. Waimbaji wakipanda juu, unabonyeza kitufe cha transpozi, kibodi inapanda yenyewe, wewe unaendelea kupiga palepale ulipokuwa. "Mwende, vidole vikae nyumbani," alikuwa akiniambia. "Mashine ndiyo itembee." Nimepiga hivyo kwa ibada, kwa harusi, kwa matanga, hata kwa mazishi yake.

Basi leo nikaegemeza simu kwa cherehani, kamera ikiangalia mikono. Mwalimu akatokea kwa skrini, mtu mpole wa miwani.

"Tuanze na skeli ya A," akasema.

Nikabonyeza kitufe, nikapiga. Safi kabisa. (Hata nilitabasamu, Mungu anisamehe.)

"Nasikia A," akasema, "lakini vidole naviona kwa C. Kuna mtu mwingine anapiga hapo?"

"Hapana, mwalimu. Ni transpozi."

"Aa. Sasa izime, urudie."

Nikaizima. Vidole vikaanza kupapasa kama mgeni anayetafuta choo gizani. Nikagusa nyeusi moja, ikalia vibaya. Nikagusa jirani yake, hiyo ikawa mbaya zaidi. Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya mtu anayedhani ananong'ona:

"Mwende! Bonyeza ile kitufe ya baba yako!"

Mwalimu akasogea karibu na skrini. "Huyo ni nani?"

"Ni mamangu, mwalimu. Baba ndiye alinifundisha kinanda."

"Na yeye alikuwa anapigaje hizo kii zingine?"

Hilo swali sijawahi kujiuliza. Miaka yote nilidhani baba anazijua zote, ila mimi amenianzishia ile rahisi. Kumbe alikuwa na kii moja tu. Nikamwonea aibu. Halafu nikajionea aibu mwenyewe, kumwonea aibu baba yangu na udongo wa kaburi bado haujakaa vizuri.

"Alizipiga zote, mwalimu," nikasema.

"Zote!" pazia likaitikia. "Na hiyo kitufe!"

Mwalimu akavua miwani, akaipangusa kwa muda. Halafu akaniambia sikio langu ni zuri, mkono wa kulia una adabu, lakini nianzie cheti. Akasema pole. Nikamwambia asante, na sijui nilikuwa namshukuru kwa nini.

Mama akaingia na chai. "Umeingia digrii?"

"Nimeingia, Mwaitu," nikamwambia, hivyo ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. "Ila nimepangwa nyuma kidogo kwa foleni."

"Baba yako angefurahi sana," akasema, akaenda kulisha kuku. Nikalia hapo hapo kwa cherehani.

Baadaye nilikata kipande cha kitambaa cha sare nikafunika kile kitufe, nisikione tena. Nikakifunua. Maandishi yake yote yamefutika, baba aliyamaliza kwa kidole chake. Nikakifunika tena. Kesho naanza A, bila transpozi, na zile nyeusi zake.

Kwa hivyo nawaomba msinicheke. Na Jumapili mkinisikia nimebaki C mpaka mwisho wa ibada, jueni vidole vimeenda nyumbani kumsalimia baba.