Cherehani ya Mama Iko Busanza

Jumatatu, 12 Mei

Nimeamua. Nampeleka dada yangu Swafiya mahakamani! Sababu: cherehani ya marehemu mama. Mama alisema mbele ya watu kuwa ni yangu, mimi Munyaneza, fundi pekee katika familia. Swafiya akahamia nayo Busanza, na miaka mingi imepita tukisalimiana kwenye harusi tu. Leo nimefua suti. Nimejizoeza mbele ya kioo cha duka, hapa Kabeza, kusema "Mheshimiwa Jaji". Mteja mmoja akadhani naumwa.

Jumanne, 13 Mei

Balaa. Kaliza, binti wa jirani anayefanya kazi kwa wakili, amekuja kupunguza sketi. Nikamweleza yote huku nina pini mdomoni. Akasema suti isubiri. Kwanza naandika madai yangu, mdaiwa anapewa nakala, anajibu, ndipo jaji atusikilize. Na huenda tukaanzia kwa abunzi, wale wapatanishi wa mtaani. Sawa! Kisha akauliza cherehani ilichukuliwa lini. Nikamwambia. Akahesabu miaka kwa vidole, vikamwishia.

Kumbe kuna ukomo wa muda. Ukilalia dai lako mpaka muda wa sheria upite, mwenzako anasema tu "umechelewa" na kesi inafia hapo, hata kama haki ni yako. Haki yangu imechacha kama maziwa! Kwa uchungu nikaikata sketi fupi mno. Ameipenda.

Jumatano, 14 Mei

Tumaini! Kaliza anasema mdaiwa akikiri kwamba kitu ni chako, muda unaweza kuanza kuhesabiwa upya. Akaongeza kwamba ningemwomba dada tu, kwa upole. Hilo nimeliacha lipite.

Mpango: kumtembelea Swafiya na keki. Simu inarekodi mfukoni. Namtega, anakiri, kwisha.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefika Busanza. Swafiya alinikumbatia mpaka keki ikabondeka. Amezeeka, dada yangu. Kwenye harusi sikuwa namtazama vizuri. Akanipa sambusa. Nikawasha simu, nikakohoa, nikauliza kwa ujanja, "Dada, ile cherehani kule pembeni, hivi iko ya nani?"

"Iko yako," akasema. "Kwani umesahau?"

Hakuna mtego, hakuna ubishi! Nikauliza mbona basi aliichukua.

"Nyumba ya mama ilikuwa inavunjwa, na mvua inanyesha. Wewe ulikuwa umekasirika kwamba inavunjwa, hupokei simu. Ningeiacha iloe? Kila Idi napika nikisema leo Munyaneza atakuja kuichukua."

Akafunua kitenge. Swafiya hajui kushona hata kifungo, lakini gurudumu linang'aa kwa mafuta. Na chini ya sindano, shati. La kwangu. Mama alikuwa ananishonea, akafika kwenye mkono wa kushoto, akaugua. Dada hakutaka kulitoa. Alisema atakayelitoa ni mimi mwenyewe.

Sikulitoa. Nilikaa kwenye kiti cha mama, nikamalizia mkono. Swafiya alinishikia kitambaa. Shati linanibana tumboni, nimerudi nyumbani nimelivaa.

Cherehani nimeiacha palepale. Nimemwambia ni nzito. Nitakuwa naenda kushonea huko Jumamosi.

Jumapili, 18 Mei

Kaliza amesikiliza ushahidi. Anasema hausikiki, isipokuwa mtu anatafuna sambusa huku analia. Nikamwambia kesi imefutwa kwa huruma ya mdai. Akanipongeza, akasema sasa nimejua: mtu akiwa na jambo na ndugu yake aulize mapema. Nimejua kabisa!

Swafiya amepiga simu asubuhi, tukaongea mpaka chai ikapoa. Katika mazungumzo akataja kwamba baiskeli ya marehemu baba iko Kagarama, kwa binamu yetu Habumugisha. Anaiendesha hadharani! Baba aliniahidi mimi baiskeli ile. Kumwuliza? Hapana, atashtuka, ataificha. Huyu ni wa mahakamani moja kwa moja.

Nitaanza baada ya Idi. Au mwakani, mvua zikiisha. Haraka ya nini?