Mzeituni Ndani ya Friji la Soda

Jumatatu, 3 Juni

Nimesema uongo. Mdogo tu. Lakini hadi jioni hii umeshanizidi kimo.

Mama mkwe alipiga simu asubuhi. Magoti yake yamegoma kupanda ngazi za ghorofa anayokaa, na mwisho wa mwezi anahama. Ana watoto wawili tu: mke wangu, na kaka yake mke wangu, yaani shemeji yangu, fundi cherehani, anayekaa ng'ambo ya kichochoro. Roshani yake na yangu zinatazamana kama majogoo. Mama atahamia kwa mmoja wetu. Kwa nani? Hajasema. Alisema tu, huku anacheka, kwamba Jumapili anakuja kuitazama mizeituni yake, na palipo na mti wenye raha ndipo na yeye atakapopata raha.

Mizeituni yenyewe alitupa yeye. Vijiti viwili vya miti miwili, kimoja kwa mwanawe, kimoja kwangu. Akaniuliza wangu u hali gani. Nilitaka kusema haujambo. Ila akaongeza kwamba wa shemeji umetoa maua. Maua! Mtu anayepima hata mkate kwa utepe! Ulimi ukateleza. Nikasema maua ni habari za zamani, wangu una matunda.

Akasema, "Matunda, baba? Basi nakuja na meno yangu yote." Anayo machache, lakini atayaleta yote, namjua.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Hakugomba. Ameshashona mapazia ya chumba kidogo anachotaka Mama akae, kwa mkono, kimyakimya. Alisema Mama akinikuta na uongo atakwenda kwa kaka, na yeye atabaki na mapazia. Akaingia jikoni. Bora angegomba.

Nimeukagua mti. Majani ya kijani juu, ya fedha chini. Mengine ya njano. Mengine sakafuni. Matunda: hakuna. Nimeumwagilia ndoo nzima kuutia moyo.

Jumanne, 4 Juni

Mficha uchi hazai, na shida yangu ndiyo hiyo hasa: kuzaa. Nimekwenda kwa kinyozi. Ana redio, na ana wateja wasio na haraka, kwa hiyo anajua kila kitu. Akasema mzeituni ni mti wa jua, lakini hautoi ua mpaka kwanza upigwe na baridi. Bila baridi, majani tu mpaka kiama. Akaendelea na mambo ya miezi, na miaka, na maji kidogo, lakini mimi nilikuwa nimeshashuka kitini, nusu ya kichwa ikiwa na nywele zake.

Baridi! Ananiambia mimi! Mimi fundi wa mafriji! Mimi niliyeona dunia! Bandarini nimefika, uwanja wa ndege nimefika, ingawa mara zote nilikuwa nasindikiza. Shule niliiacha nilipoona walimu hawana jipya. (Walimu wana maelezo yao.)

Karakanani kuna friji la Mama Soda, mwenye duka la pale kona. Refu, mlango wa kioo, taa ndani. Limepona siku nyingi, sijamwambia tu. Nimetoa rafu, nimeuingiza mti pamoja na droo yake. Maana nimeupanda kwenye droo ya mboga ya friji bovu: plastiki safi, haivuji hata tone. Wengine hupanda kwenye vyombo vyenye matundu, halafu wanashangaa maji yamekwenda wapi.

Nimezungusha baridi mpaka mwisho. Ikiwa mti unataka baridi kidogo kwa miezi, basi baridi nyingi kwa usiku mmoja ni sawasawa. Hesabu hizo.

Jumatano, 5 Juni

Nilikuwa nimekwenda kunyolewa nusu iliyobaki. Niliporudi, watu wamejaa mbele ya karakana. Katikati yao Mama Soda, mikono kiunoni. Ndani ya kioo, mti wangu umesimama, taa inauwakia, kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha.

Akaniuliza friji lililokufa limewezaje kugandisha msitu. Nikamwambia ni majaribio ya kitaalamu. Akasema yeye aliniletea friji lipoze soda, sasa wateja wake akawaambieje, watafune majani? Akaapa mtaa mzima utajua. Mtaa mzima umejua. Watoto wa hapa wananiita Bwana Msitu, nami naitika, maana ukikataa jina la watoto ndipo linaposhika.

Mti umetoka umekakamaa. Majani ukiyagusa yanalia kama karatasi. Droo imekuwa barafu tupu. Nimeumwagilia maji ya uvuguvugu, ndoo nzima, upate joto mwilini.

Shemeji alikuwa roshanini kwake, anaupima mti wake kwa utepe. Akauliza kwa sauti kama wangu umeshikwa na mafua. Mtu mwenye pini mdomoni hajibiwi.

Habari njema: kuna jani moja halijaanguka.

Baadaye: limeanguka.

Bado mengine ya juu yapo, lakini hayana furaha.

Alhamisi, 6 Juni

Kinyozi tena. Safari hii nimesikiliza karibu mpaka mwisho. Kumbe mizeituni husaidiana kwa upepo: ule unga wa maua ya mti huu hupeperuka ukaushukia mti wa jirani, ndipo matunda. Kweli, wangu hauna maua. Lakini nikaona hilo dogo. Unga ukifika, maua yatajua la kufanya.

Nikasimamisha feni kubwa roshanini, nikaielekeza kwa shemeji, namba tatu. Niliiacha hapo mpaka chai ikapoa. Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nausukuma unga uende zake, badala ya kuja kwangu. Shemeji alikuwa ameshafunga dirisha.

Mpango wa pili. Nikampelekea feni ile ile. Zawadi, shem, joto hili, ndugu ni kufaana. Akanitazama kama mtu anayetafuta wapi kitambaa kimechanika. Nikaitega mwenyewe nyuma ya mti wake, uso kwangu. Na maua kweli yapo! Meupe, madogo, vishada vishada. Moyo uliniuma. Nilipotaka kusogea akaniziba kwa rula ya mbao, eti maua yana aibu.

Nikawasha. Lo! Karatasi za vipimo, vipande vya bitana, na mkono mzima wa gauni la mteja viliruka kichochoro vikatua kwetu. Ule mkono wa gauni ulimwangukia mke wangu kichwani, alikuwa anaanika nguo. Lakini maua? Hata moja halikudondoka. Maua magumu, kama mwenyewe!

Mke wangu aliuvua ule mkono, akaukunja vizuri. Akauliza kama chumba kidogo kitasafishwa, au Mama atalala kifuani kwa feni zangu mbovu.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nilitaka kuwa mtu mwema. Nikampigia Mama mkwe nikiri. Akapokea anacheka. Ameshawaambia majirani zake wote: mkwe wangu ana mkono wa baraka, ametia kijiti ardhini kimezaa. Nikauliza hali ya magoti. Nikakata simu.

Siku nilipokwenda kuposa, shemeji alinitazama juu mpaka chini akasema kwa vipimo vyote nimepungua. Huyu mama ndiye aliyesema kimo huongezwa na viatu, mwacheni. Mtu kama huyo unamwambiaje mti wake unakufa mikononi mwako?

Nimesafisha chumba kidogo. Feni zote sasa ziko chumbani kwetu, upande wangu wa kitanda. Mke wangu alicheka nusu. Ile nusu nyingine anaiweka mpaka Jumapili.

Jumamosi, 8 Juni

Akili hulala, haifi! Nimenunua chupa ya zeituni. Maandishi ya kigeni, sikuyasumbua. Za kijani, zimenona. Kila moja ina jicho jekundu mdomoni, nikajua mara moja: zimeanza kuiva kutokea ndani. Tena zimetobolewa tayari! Hao watengenezaji si wajinga, walijua kuna watu watataka kuzitunga.

Nikamwendea shemeji kuomba uzi wa kijani. Nilijiandaa na maelezo marefu. Hakuuliza hata neno. Alinirushia kidonge cha uzi, akafunga mlango kwa mguu. Vidole vyake vimejaa matundu ya sindano, na sakafuni vitambaa vyeupe vimetapakaa kama theluji. Mtu wa kazi nyingi, namhurumia.

Nimetunga mpaka macho yakalia. Kisha nimezipaka mafuta zing'ae. Mti umejaa! Nimesimama mbali nikauangalia na, wallahi, kwa kitambo nimeamini.

Mke wangu ameuona. Akaenda kupiga pasi mapazia.

Jumapili, 9 Juni

Mama alianzia kwa shemeji. Nilichungulia. Aliinama mbele ya mti, akachuma ua moja, akalitia mkobani. Kisha akavuka kichochoro, shemeji akimshika mkono, utepe shingoni.

Nilikuwa nimeweka kiti mbali na mti, kwa heshima. Akakisogeza karibu. Akasema kumbe ni neema yote hii, baba! Akavuta zeituni moja. Haikutoka. Akavuta tena, tawi zima likamfuata. Nikasema bado changa, imeshika, nikamsaidia kwa meno.

Akaitia mdomoni. Akatafuna. Akangoja kokwa. Tukangoja wote. Kokwa haikuja.

Akafungua mkoba, akalitoa lile ua, akaliweka mezani. Kando yake akaweka zeituni nyingine, jicho jekundu juu. Ua lilikuwa la kitambaa! Kitambaa cha shela, limepindwa pindo kwa mkono, mshono safi, lazima niseme. Nikamtazama shemeji. Shemeji akaitazama zeituni. Tangu nioe hatujawahi kuelewana namna ile.

"Huyu kaota mshono," Mama akasema, "na huyu kaota kachumbari." Akaniambia zeituni ya mtini ni chungu, inakunja uso mpaka kesho, hailiki mpaka ilazwe kwenye maji ya chumvi wiki baada ya wiki. Sasa wangu unazaa zenye chumvi tayari, hazina kokwa, na pilipili umejitilia wenyewe? Nikajibu kwamba udongo wa hapa una chumvi kidogo.

Mke wangu alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakatikisika. Nikajua nimemliza. Nikataka kupiga magoti. Kumbe anacheka! Mama naye akashika ubavu. Hata shemeji, na yeye hucheka kwa kipimo.

Kisha Mama akaacha kucheka. Akauliza nani alituomba matunda. Miti hii ni michanga, miaka yake ya kuzaa haijafika. Alitoa miwili kwa sababu mmoja peke yake huzaa kwa shida, unataka mwenzake karibu, na alidhani hata wenye miti watatembeleana. Badala yake watu wazima wawili wamekaa wanatungiana. Njia ya mwongo ni fupi, akasema, na yenu ina upana wa kichochoro.

Akatia kidole kwenye droo. Kikazama chote, na harufu iliyotoka sitaiandika. Nikasubiri hukumu. Mke wangu alikuwa ameacha kucheka, ameshika pazia moja kifuani.

Mama akamwambia mwanawe kwamba mti wake umepimwa mpaka umechoka, lakini ni mzima. Wangu ni mgonjwa, mizizi inaoza. "Na mtu hukaa kwa mgonjwa. Nionyesheni hicho chumba."

Mke wangu alikimbia. Kweli alikimbia, mtu mzima, kwenda kutundika mapazia.

Nimeshinda!

Shemeji aliyapima mapazia, akasema yamepungua vidole viwili, akayachukua kwenda kuyaongeza. Pua yake ilikuwa nyekundu, kama ya mtu aliyelia. Nikamfuata ngazini nikamwambia aje kula kwetu kila siku, na mti wake aulete ukae kando ya wangu. Akaniambia feni yangu ina kelele. Maana yake amekubali.

Jumanne, 11 Juni

Mama ameshahamia, hakungoja mwisho wa mwezi. Ameukata mti mizizi iliyooza, ameuhamishia kwenye pipa la mashine ya kufulia, lile lenye matundu pande zote, na chini ametia kokoto. Umewekwa juani. Mimi nimepigwa marufuku ya maji; ndoo yangu imefungwa kamba kwenye mguu wa kiti chake. Anasema utapona taratibu ukiachwa. Mti wa shemeji uko kando yake, maua yameshafumuliwa. Mke wangu anaimba jikoni. Haimbi vizuri. Asiache.

Wiki hii nimejifunza mengi. La kwanza: zeituni, chukua zenye kokwa.

Mchana Mama amelala, simu yake ikalia. Nikapokea, adabu. Alikuwa dada yake mkubwa, mama mkubwa wetu. Amesikia habari za mzeituni, na kicheko chake sikukipenda. Akauliza kama pale kwangu kuna kitu chochote kinachoota kwa ukweli. Heshima ya nyumba ilikuwa hatarini. Nikamwambia zeituni zilikuwa mazoezi, aje aone komamanga.

Anakuja Jumamosi.

Mkomamanga sina. Lakini balbu zilizoungua ninazo sanduku zima, na rangi nyekundu ipo. Nimevuka kwa shemeji kuomba uzi. Nilitegemea matusi. Aliweka mkasi chini, akatazama dari, akaniuliza majani ya mkomamanga yana upana gani.